Jina la mchoraji liandikwe: barua ya wazi kutoka Lubumbashi kuhusu klipu na akili bandia

Kwa Waziri wa Utamaduni, Sanaa na Urithi, Kinshasa. Kwa wakubwa wa utamaduni katika serikali ya jimbo la Haut-Katanga. Kwa viongozi wa SOCODA, shirika la haki za waandishi na wasanii. Na kwa wakurugenzi wa televisheni za Lubumbashi.

Wakubwa wetu, jambo yenu wote.

Mimi ni mwanamuziki wa hapa Lubumbashi. Sina produsa wala lebo. Nyimbo naziandika mwenyewe, studio nailipa mwenyewe, na pesa ya klipu, yaani video ya wimbo, naitafuta mwenyewe. Nawaandikia kuhusu klipu za katuni zinazotengenezwa kwa akili bandia, ambayo hapa mjini wengi tunaiita IA, kwa sababu nimesikia maneno mawili kutoka kwa watu wenye mamlaka, na yote mawili yananitia wasiwasi.

Neno la kwanza linasema mashine ni udanganyifu, klipu za namna hiyo zisipite kwenye televisheni. La pili alilisema mkubwa mmoja mbele yetu wasanii, katika kikao kimoja hapa mjini, na naamini alikuwa na nia njema: sasa hamna sababu ya kulia, mashine inawatengenezea klipu bure, acheni kuomba misaada. Watu wakapiga makofi. Neno la kwanza naweza kulijibu kwa ufupi. Hili la pili ndilo linalonikosesha usingizi, maana likishika mizizi, wachoraji wa mji huu watabaki mikono mitupu huku sisi waimbaji tukishangilia.

Wacha nieleze kwanza kwa nini sisi tusio na pesa tuliikimbilia mashine. Klipu ya kawaida inataka kamera na mtu wa kuishika, wachezaji, nguo, gari la kubebea watu, chakula cha watu hao, na jenereta pembeni kwa sababu kurani, yaani umeme, haina ahadi. Ukiweka kamera barabarani, kabla wimbo haujafika kwenye kiitikio amekwisha kutokea mtu anayedai karatasi ya ruhusa. Ukimpa karatasi, anataka kitu kingine. Mnayajua hayo, sitayarefusha.

Katuni nayo ilikuwa ndoto kabisa. Picha ya televisheni kwetu inakwenda kwa picha 25 kila sekunde. Wimbo wa dakika nne ni picha 6,000. Hata ukifanya kama wachora katuni wengi wanavyofanya, mchoro mmoja ukae kwa picha mbili, bado ni michoro 3,000. Jean-Michel Kibushi, mwenzetu Mkongo aliyeanzisha studio yake ya Malembe Maa mwaka 1988, alijenga filamu za namna hii kwa vikaratasi vilivyokatwa na kusogezwa kidogo kidogo mbele ya kamera. Mwanamuziki wa Katuba anayeuza nyimbo zake kwa kutembea na simu hawezi kumlipa mtu kwa michoro 3,000.

Ndipo mashine zikaja, moja baada ya nyingine. Stable Diffusion ilitoka Agosti 2022, ikawa mtu anaandika sentensi anapata picha. Mwaka 2023 Runway ikaanza kutoa picha zinazotembea. Februari 2024 OpenAI ikaonyesha Sora, Juni mwaka huo huo Wachina wa Kuaishou wakatoa Kling. Vijana hapa kwetu wakazijua mapema kuliko mlivyodhani. Unapakia foto, unaandika unachotaka kitokee, unapata kipande cha sekunde tano au kumi, kisha unakwenda montaji kuunganisha.

Sasa lile neno kwamba ni bure. Tovuti nyingi za kazi hii zinataka kadi ya benki ya kimataifa. M-Pesa na Airtel Money, ambazo ndizo benki yetu, hazizitambui. Kwa hiyo tunamtafuta mtu mwenye kadi na tunamlipa na yeye. Megabaiti tunanunua. Kipande kikitoka kibaya, na vingi hutoka vibaya, pesa imekwisha kwenda. Mei 2024 mwanamuziki wa Marekani, Washed Out, alitoa klipu iliyotengenezwa yote kwa Sora, ikiongozwa na Paul Trillo. Huyo Trillo alitengeneza vipande vipatavyo 700 ili apate 55 vya kutumia. Ni mtu wa kazi hiyo, mwenye zana zote na umeme usiozimika. Wakubwa, mtu anayewaambia kwamba mashine inafanya klipu peke yake hajawahi kukaa mbele yake.

Lakini gharama si kiini cha barua yangu. Kiini ni kwamba mashine haitujui.

Iandikie hivi: mama anauza makala (makaa ya kupikia) asubuhi, Katuba, Lubumbashi. Itakuletea vibanda vya nyasi, mbuyu, jua jekundu kubwa, na twiga mbali kule nyuma. Iambie hapana, ni mjini. Italeta vumbi na watoto wenye nguo zilizochanika. Iambie mji wa machimbo, italeta watu ndani ya shimo. Lubumbashi yetu ya matofali ya kuchoma na mabati, ya jakaranda zinazogeuza barabara kuwa zambarau Septemba na Oktoba, ya dohani la Gécamines, kampuni ya machimbo ya serikali, na ule mlima mweusi wa mabaki ya shaba ambao kila mtoto wa hapa anauchora kabla hajajua kuandika, haimo. Iombe karindula, banjo letu la pipa, na itakuchorea gitaa la dukani lenye nyuzi sita. Hakuna pipa, hakuna ngozi, na nyuzi nne zetu hazimo. Tena vidole vinapita katikati ya nyuzi kana kwamba ni moshi. Mpiga karindula yeyote wa kwetu akiona hivyo atazima simu.

Sababu inajulikana. Mashine hizi zimefundishwa kwa picha zilizokusanywa kwenye intaneti pamoja na maelezo yake. Mkusanyo mmoja maarufu, LAION-5B, ulikuwa na viungo vya picha bilioni 5.85, na Stable Diffusion ilifundishwa kwa sehemu ya mkusanyo huo. Katika bahari hiyo, Afrika iliyojaa ni ile ya watalii na ya mabango ya misaada. Harusi ya mtaa wetu wa Kamalondo haimo kwa wingi wa kutosha kuwa na uzito. Mwanamuziki akichukua kilichotoka bila kuuliza, atakuwa anaimba Kiswahili cha hapa juu ya picha za nchi ambayo haipo. Nimeona klipu za wenzangu za namna hiyo. Wimbo mzuri, sauti nzuri, na picha ambazo hakuna mtu wa mji huu anayejiona ndani yake. Inaniuma kusema hivyo kuhusu wenzangu, lakini ndiyo hali.

Na hapa ndipo panaponiuma zaidi, kwa sababu kama kuna mji katika nchi hii ambao haukupungukiwa na macho yake wenyewe, ni huu wetu. Mwaka 1946 Pierre Romain-Desfossés alifungua hapa karakana ya uchoraji, ile inayojulikana kama Hangar, akawakataza wanafunzi wake kuiga picha za Ulaya. Wakatoka Pilipili Mulongoy na samaki na ndege zake, Mwenze Kibwanga aliyejaza turubai kwa mistari mifupi mifupi, na Bela Sara aliyechovya vidole kwenye rangi badala ya brashi. Mwaka 2015 kazi za watu hao zilitundikwa Paris, Fondation Cartier, Wafaransa wakapanga foleni kuziona. Baada yao wakaja wachoraji wa barabarani. Tshibumba Kanda-Matulu, kati ya 1973 na 1974, aliichora historia ya nchi nzima, picha baada ya picha. Wazee wetu wa miaka hiyo, hata wale wa mishahara midogo, walikuwa na picha ya mamba muntu, yule mwanamke wa majini, ukutani sebuleni. Walinunua kwa mchoraji aliyepita na turubai zake kwapani.

Hiyo ndiyo sanaa ambayo ingeweza kutembea katika klipu zetu. Na inaweza, nimeiona ikitembea.

Kwa wimbo wangu mmoja nilikwenda kwa mchoraji wa komini ya Kenya hapa hapa mjini, mzee ambaye bado anachora juu ya gunia la unga lililopakwa rangi nyeupe kwanza. Nilimwomba mamba muntu. Akamchora kama walivyochorwa tangu zamani: nywele ndefu, nyoka begani, saa mkononi, maji ya bluu nzito yaliyopigwa brashi kwa mapigo mapana unayoweza kuyahesabu. Tukaipiga foto nje, kivulini, ili rangi isiwake. Tukaipeleka kwenye mashine tukaiomba jambo moja tu, maji yasogee.

Ilichofanya ni kumwosha yule mwanamke. Uso ukalainika kama wa tangazo la sabuni, pua ikawa nyembamba, mapigo ya brashi yakayeyuka yakawa maji ya baharini ya kweli. Nyoka akageuka kitambaa cha shingoni. Saa ilibaki, lakini namba zake zikawa takataka. Mzee akaitazama kwenye simu yangu mara mbili, akasema, "Huyu si wangu, na si wa Lubumbashi." Hakukasirika. Aliketi akaanza kufikiri, jambo ambalo mashine haikulifanya.

Njia aliipata yeye. Alimchora nyoka peke yake kwenye karatasi, akiwa amekaa namna tofauti: kichwa chini, kichwa kimeinuka, kichwa kimegeukia kwetu. Maji akayachora peke yake. Mwanamke akabaki kwenye gunia lake bila kuguswa. Kijana wa montaji akaipa mashine kazi ndogo sana, kujaza mwendo kati ya nyoka wa kwanza na wa pili, kisha kati ya wa pili na wa tatu, kwa sekunde chache tu kila mara. Kila ilipotaka kulainisha, tuliitupa ile tuliyopewa tukaanza tena. Uso haukuguswa kabisa. Uso wa picha ile hauhitaji kutikisika, nyoka anatosha. Ilipokamilika, mapigo ya brashi yalikuwa yanaonekana yakitembea pamoja na maji. Sijawahi kuona kitu kama hicho kwenye televisheni yetu, na nasema hivyo nikiwa na fahari, maana ni kazi ya mzee yule.

Kwa hiyo jibu langu kwa wanaotaka kuipiga marufuku mashine ni hilo: msituzuie kitu kilichotuwezesha kuitikisa picha ya gunia la unga. Na jibu langu kwa wanaosema mashine imemaliza shida zetu ni hilo hilo: bila yule mzee, tungekuwa na binti wa tangazo la sabuni.

Klipu ilionyeshwa. Televisheni moja iliyoipitisha iliandika jina langu, jina la wimbo, na namba ya simu ya mtu wa matangazo. Jina la mchoraji halikuandikwa popote, ingawa nililipeleka likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa. Nilipouliza, niliambiwa kwamba picha ni za IA, na IA haina jina. Watu wakaanza kunisifu mtaani kwa "mashine nzuri niliyoipata".

Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

Mwaka 1952 Hugh Tracey, mkusanyaji wa muziki wa Afrika, alipita Jadotville, leo Likasi, akiwa na mashine yake ya kurekodi, akamkuta kijana anapiga gitaa barabarani kwa kidole gumba na kidole cha shahada. Kijana huyo ni Jean-Bosco Mwenda. Mashine ile ilikuwa ngeni, ilikuwa ya Wazungu, na mwenye kuimiliki ndiye aliyeondoka na sauti. Yanaweza kusemwa mengi kuhusu nani alifaidika. Lakini jina la Bosco liliandikwa kwenye sahani ya muziki, na kwa sababu liliandikwa, wapiga gitaa wa nchi za mbali wanajifunza vidole vyake hadi leo na wanajua ni vya nani. Mzee wa komini ya Kenya, mwaka huu, katika mji wake mwenyewe, hakuandikwa.

Sheria yetu ya haki za waandishi na wasanii ni ya 5 Aprili 1986. Siilaumu kwa kutojua mashine ambazo hazikuwepo. Kanuni ya Dijitali ilisainiwa 13 Machi 2023, wakati zana hizi zilikuwa zimeshafika mikononi mwa watu, na naona ni wakati wa kuiongezea vifungu vya jambo hili. Wengine wameanza. Januari 2025 ofisi ya hakimiliki ya Marekani ilitoa ripoti inayosema kwamba kuandika maagizo tu kwa mashine hakumfanyi mtu kuwa mwenye haki ya kinachotoka. Lakini kama mtu ameingiza mchoro wake mwenyewe na mchoro huo bado unaonekana katika kilichotoka, basi haki yake juu ya sehemu hiyo ipo. Wakubwa wa SOCODA, someni hapo polepole. Maana yake ni kwamba klipu niliyoagiza kwa maneno matupu, yenye twiga na jua jekundu, inaweza isiwe na mwenyewe, mtu yeyote akaichukua kesho. Ile ya gunia la unga ina mwenyewe. Kumlinda mchoraji ni kunilinda na mimi mwimbaji.

Na msitegemee kwamba wenye mitandao watatufanyia kazi hiyo. Tangu Machi 2024 YouTube inawataka watu waseme kama video inayoonekana ya kweli imetengenezwa au kubadilishwa kwa IA. Katuni iliyo wazi kuwa ni katuni haidaiwi hivyo. Kusudi lao ni watu wasidanganywe, na ni kusudi jema, lakini halimsaidii mchoraji wetu hata kidogo.

Ninachoomba kwa wakurugenzi wa televisheni ni kidogo na hakihitaji sheria wala bajeti. Klipu ikipita, mstari ule wa chini uwe na sehemu ya picha: nani alichora, nani alizitembeza, na mashine gani ilitumika kama ilitumika. Mwanamuziki asiyetaja, klipu yake isubiri mpaka ataje. Na mkiona mnaweza, acheni kutulipisha ili klipu ionyeshwe. Pesa ile ndiyo ingekuwa ya mchoraji. Nalisema kwa heshima, lakini nalisema.

SOCODA nawaomba mtamke wazi kwamba mchoraji ambaye mchoro wake ndio msingi wa klipu ni mmoja wa wenye klipu, anaandikishwa kama sisi, na pesa ya klipu ikitoka inagawanywa naye.

Kwako Mheshimiwa Waziri, na kwa wakubwa wa jimbo, nina mambo mazito zaidi. Kazi za Hangar na za wachoraji wa miaka ya 1970 ziko katika makumbusho, katika nyumba za watu, na nyingi ziko ng'ambo. Itafika siku kampuni itakuja kwenu na skana na tabasamu, ikisema inataka kuzihifadhi. Kabla hamjasaini, waiteni wanafamilia na mwaulize picha zile zitafundisha mashine ya nani. Pilipili Mulongoy alifariki 2007. Kwa mkataba wa Bern, ambao nchi yetu imo tangu 1963, haki za mwandishi na msanii hudumu angalau miaka 50 baada ya kifo. Basi mpaka mwisho wa 2057 samaki wale si mali ya kila mtu. Sitaki tuanze kununua kwa mwezi, kwa kadi ya kuazima, uwezo wa kuchora kama Pilipili.

Nafahamu pia kuna tume inayopitia nyimbo na klipu kabla hazijaonyeshwa. Naomba msiongeze kibali kingine juu ya kile kwa sababu tu klipu ni ya katuni. Tuna makaratasi ya kutosha. Mtu akitumia sauti au sura ya mwenzake bila ruhusa, huyo mshughulikieni kwa nguvu zote, hilo ni jambo jingine na ni wizi.

Na ule Mfuko wa Kukuza Utamaduni, upeleke kitu kidogo Lubumbashi. Chumba kimoja pale Institut des Beaux-Arts: kompyuta yenye nguvu, betri na paneli za jua ili kazi isikatike na kurani, kadi ya benki ya shule ambayo vijana wanaweza kuitumia kihalali, na walimu wa aina mbili wakae pamoja, mmoja wa brashi na mmoja wa montaji. Mtoto anayetoka pale awe anajua kuchora mkono wa mpiga karindula kabla hajaiomba mashine iutikise. Sisi wanamuziki tutaleta nyimbo. Tutaleta na malipo, madogo, lakini ya kweli, na yakiandikwa kwenye mkataba kabla rangi haijafunguliwa.

Mkiitisha kikao juu ya haya, nitakuja na gunia lenyewe na vile vipande vyote, vile vilivyoharibika na vile vilivyofaulu, muone kwa macho yenu. Mzee naye amekubali kuja. Anaomba mtangulize kumpa taarifa kwa wiki moja, kwa sababu ana kazi.

Kwa heshima,

Mwanamuziki wa kujitegemea
Katuba, Lubumbashi